Mgonjwa Mmoja, Nyumba Nzima Inaugua

UKURASA WA FAMILIA

 Mwezi huu ukurasa wetu unaongea juu ya ugonjwa ambao wengi tunaogopa hata kutamka jina lake. Tunasema "ule ugonjwa", ama "ugonjwa mbaya", ama tunanyamaza tu. Ni saratani, ndiyo kansa, na wenyeji wetu Wamalawi wanaiita khansa.

Mambo ya dalili na vipimo mmeyasikia kituo cha afya, na ni vizuri muendelee kuyasikia. Leo tunataka kuongea juu ya moyo: moyo wa mgonjwa, moyo wa mume wake, wa watoto wake, na wa yule anayelala sakafuni kando ya kitanda cha hospitali. Huo moyo nao unaugua, na nao una matunzo yake.

Nitaanza na nyumba yetu wenyewe. Yaya wangu, yaani dada yangu mkubwa, ameniruhusu niandike. Amesema tu, "Jina langu usiliweke, lakini habari iweke yote."

NENO ALILOBEBA MTOTO

Yaya alikuwa anatokwa damu kwa miezi mingi. Akajiambia ni umri. Maumivu yalipozidi akaenda kituo cha hapa kambini, wakamtuma Dowa, na kutoka Dowa wakamtuma hospitali kubwa zaidi. Siku ya majibu shemeji alikuwa ameenda ganyu kwenye shamba la mtu, na kuacha ganyu maana yake ni kulala njaa. Kwa hiyo yaya alisindikizwa na binti yake wa miaka 13, aliye darasa la saba. Yule mtoto anaongea Chichewa kama aliyezaliwa hapa. Mama yake anajua "zikomo" na bei za sokoni, basi.

Daktari akaongea Kiingereza, muuguzi akageuza kwa Chichewa, na mtoto akatakiwa ageuze kwa Kiswahili. Neno likafika kwake: khansa ya mlango wa kizazi. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Mama, wanasema una kidonda ndani. Watakupa dawa."

Hakuna aliyejua kwamba neno moja limebaki mdomoni mwa mtoto. Alirudi nalo kwenye minibasi mpaka Dowa Turn-Off, akaingia nalo kambini, akalala nalo wiki tano. Akaacha kula vizuri. Shuleni alama zikashuka, mwalimu akafikiri ni utundu wa umri. Usiku alikuwa anaamka, anaweka mkono karibu na pua ya mama yake, anasikiliza kama bado anapumua.

Siku moja tuko kwenye foleni ya maji pale mjigo, akaniuliza taratibu, "Mama mdogo, mtu akiwa na khansa anakufa siku gani?"

Sikuwa na jibu. Nilimshika mkono tukaacha madumu pale pale.

Na sikia jambo lililonishangaza zaidi. Nilipomwendea yaya jioni ile kumwambia kwa uangalifu, akanitazama akasema, "Nilijua siku ile ile. Niliona uso wa mtoto." Alikuwa ananyamaza ili asimtishe binti. Na shemeji? Kumbe alikuwa amepeleka ile karatasi ya hospitali kwa rafiki anayesoma Kiingereza, naye alikuwa anajua. Alinyamaza ili asimvunje mke wake nguvu. Nyumba ya vyumba viwili, watu watatu wanajua jambo moja, na kila mmoja analia peke yake. Huo ndio ulikuwa ugonjwa wetu wa pili.

MAUMIVU YA NAMNA NNE

Huko London kulikuwa na mama mmoja, Cicely Saunders, aliyeanza kazi ya uuguzi, baadaye akasomea udaktari. Mwaka 1967 alifungua nyumba ya kutunza wagonjwa mahututi iitwayo St Christopher's. Kwa kuwasikiliza wagonjwa wa saratani alifundisha kwamba maumivu yao si ya mwili tu. Yana pande nne, na zote zinashikana.

Kuna maumivu ya mwili. Hayo kila mtu anayaona.

Kuna maumivu ya moyo na akili: hofu, hasira, aibu ya harufu au ya kukatwa titi, usingizi kukimbia, mawazo yanayozunguka usiku kama panya kwenye dari.

Kuna maumivu ya maisha na watu. Nani atapanga foleni siku ya msaada? Nauli ya Lilongwe itatoka wapi? Jirani aliyekuwa anakuja kila siku, mbona sasa anapita mbali?

Na kuna maumivu ya roho. "Mungu, nilikukosea nini?"

Kwa sisi wakimbizi pande hizi nne zina uzito wake. Kambi hii ya Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994, mahali palipokuwa gereza, kwa watu kama 10,000 hadi 12,000. Leo tumepita 50,000. Wengi tuliacha kule nyuma wazazi na ndugu ambao kwa desturi ndio wangemuuguza mgonjwa. Na wengi tuna vidonda vya vita ambavyo ugonjwa unavifungua upya. Yaya aliniambia, "Nilikimbia risasi mpaka nikafika hapa. Sasa adui ameingia ndani ya mwili, nitakimbilia wapi?"

Ukimpa mtu kama huyo vidonge peke yake, umetibu robo. Ndiyo maana kuna matunzo yanayoitwa tiba shufaa. Hospitalini hapa Malawi utayasikia yakiitwa paliyativu. Kazi yake ni kupunguza maumivu ya pande zote nne, ya mgonjwa na ya familia yake. Watu wengi wanafikiri ukipelekwa huko maana yake wamekata tamaa na wewe. Sivyo. Matunzo haya yanaweza kuanza siku ile ile ugonjwa unapojulikana, yakaenda sambamba na matibabu mengine.

Afrika yetu ina watu waliofungua njia hii. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda huko Kampala, wakatengeneza mofini ya maji, dawa ya bei nafuu ambayo mgonjwa anakunywa nyumbani kwake. Hapa Malawi, kule Salima karibu na ziwa, muuguzi Mmalawi Lucy Finch alianzisha kituo cha Ndi Moyo kwa kazi hiyo hiyo.

Juu ya mofini kuna maneno mengi mtaani: eti inaua haraka, eti inafanya mtu mteja wa madawa ya kulevya. Ikitolewa na mhudumu aliyefundishwa, kwa kipimo chake, haiharakishi kifo, na mgonjwa wa maumivu makali haigeuzi kuwa mlevi. Inaweza kuleta kusinzia siku za kwanza na kufunga choo, na hayo yana dawa yake. Mtu ambaye mwili umetulia ndipo anapata nafasi ya kuongea, kula na kusali. Usimnyime.

KUSEMA AU KUFICHA?

Hapa ndipo familia nyingi zinagombana. Wengine wanasema ukimwambia mgonjwa atakufa kwa hofu. Tunaelewa, ni upendo. Lakini ufichaji una gharama. Mgonjwa anaona watu wananong'ona na kunyamaza akiingia, na anachofikiria mwenyewe mara nyingi kinazidi ukweli. Halafu anakosa nafasi ya kuamua mambo yake: matibabu, watoto, deni, kupatana na ndugu.

Hakuna sheria ya kumwaga yote siku moja. Anza kwa kuuliza, "Wewe mwenyewe unafikiri ni nini?" Halafu, "Unapenda uelezwe yote, au kidogo kidogo?" Mwache akuongoze. Akisema leo inatosha, inatosha. Lakini usidanganye. Ukisema "ni kidonda tu" na kesho wanamwita chumba cha kansa, hatakuamini tena hata ukisema kweli.

Na ugeuzaji wa lugha tafadhali usimpe mtoto. Tunajua watoto wetu ndio wenye Chichewa na Kiingereza. Kununua nyanya, sawa. Majibu ya hospitali, hapana. Tafuta mtu mzima unayemwamini kabla ya siku ya safari. Kama hayupo, mwambie muuguzi wazi kwamba unaomba mtu mzima akusaidie, na mtoto akae nje. Andikeni maswali kwenye karatasi mkiwa bado nyumbani: Ugonjwa ni gani? Umefika wapi? Dawa itafanya nini? Nirudi lini? Maumivu yakizidi usiku nifanye nini?

WATOTO WANAULIZA NINI

Mtoto asipoelezwa anajitungia. Wanaokaa na watoto wa wagonjwa wanajua kuna maswali matatu ambayo mara nyingi yamejificha kichwani.

La kwanza: Je, ni mimi niliyesababisha? Mwambie hapana. Si kwa sababu ulimkasirisha mama, si kwa sababu ulikataa kuchota maji.

La pili: Je, itaniambukiza? Mwambie kula pamoja, kulala karibu, kukumbatia, hakuleti saratani. Mwache mtoto amguse mama yake.

La tatu: Nani atanitunza? Hili usilikimbie. Taja jina la mtu. "Mama akiwa hospitali utakaa kwa mama mdogo, utakula hapo, utaenda shule kama kawaida." Akiuliza kama mama atakufa, usiape kwamba hatakufa. Sema, "Ugonjwa ni mkubwa, madaktari wanafanya kazi, na lolote likitokea tutakwambia, hatutakuficha." Ndivyo nilivyomwambia binti yetu, kwa kuchelewa. Alilia sana, halafu akalala usiku mzima kwa mara ya kwanza.

AIBU ISIYO NA HAKI

Saratani ya mlango wa kizazi inaongoza kwa kuua wanawake kati ya saratani zote hapa Malawi. Nayo ina maneno yake ya uchungu. Kwa kuwa chanzo chake ni kirusi kinachoitwa HPV, kinachopita kwa tendo la ndoa, utasikia watu wanasema, "Alikuwa malaya." Baba zangu na kaka zangu, sikilizeni. Kirusi hiki ni cha kawaida sana, watu wengi wazima wanakipata wakati fulani wa maisha na mwili unakiondoa wenyewe. Kwa wachache kinabaki, na saratani inatokea baada ya miaka mingi. Mke mwaminifu anaweza kuipata. Kumhukumu ni kumwongezea ugonjwa juu ya ugonjwa.

Na uchawi? Wengine walimtuhumu jirani mpaka ukoo ukagawanyika. Hapo mgonjwa anabeba kansa na vita ya familia. Sala ni nzuri, inatia nguvu, na wachungaji, mapadri na mashehe wetu wanaweza kusaidia sana wakikubali kukaa na kusikiliza. Lakini mtu yeyote anayekwambia uache dawa za hospitali ndipo upone, ama uuze simu na magodoro umlipe, huyo anauza matumaini. Usinunue.

ANAYELALA SAKAFUNI

Wamalawi wana neno kwa yule anayemkalia mgonjwa hospitali: odikirira, yaani anayengoja. Bila yeye mgonjwa haogi, hali, hageuzwi kitandani. Anapika uji nje, anafua, anakimbia kutafuta karatasi, usiku analala kwenye kitenge. Kila anayekuja anauliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Hakuna anayemuuliza yeye.

Nimekuwa odikirira, najua. Kuna siku nilimkasirikia yaya kwa sababu alikataa uji niliotafutia kuni nusu siku. Halafu nikajichukia kwa hasira yenyewe. Kuna siku nilitamani yaishe, na nikaogopa kwamba nimekuwa mtu mbaya. Muuguzi mmoja mzee aliniambia, "Binti, umechoka. Kuchoka si dhambi." Nayaandika hapa kwa ajili yako wewe ambaye uko huko leo.

Majirani, msiseme "mkihitaji kitu mtuambie". Aliyechoka hajui hata aombe nini. Chota maji. Peleka sombe iliyokwisha kupikwa. Chukua watoto Jumamosi. Pangeni zamu ya kulala hospitali ili mtu mmoja asimalizike. Na mkienda kumwona mgonjwa, msihadithie nani alikufa kwa ugonjwa huo huo. Kaeni tu. Mkikosa neno, ukimya wa mtu aliyekaa kando yako nao ni dawa.

Akina baba pia wanaumia, ila wengi wanaumia kwa kunywa, au kwa kutoonekana nyumbani. Shemeji alianza kurudi usiku. Aliyemsaidia ni mzee wa jirani aliyemwita kila jioni kucheza dama, bila kumuuliza kitu. Wiki ya tatu shemeji akaongea mwenyewe.

BENCHI LA BIBI

Mwaka 2006, kwenye mtaa wa Mbare huko Harare, daktari wa magonjwa ya akili Dixon Chibanda alikuwa na wagonjwa wengi na wataalamu wachache. Akaanza na akina bibi 14 wa mtaani, wakafundishwa, wakawekewa benchi nje ya kliniki. Mtu mwenye mawazo mengi, Washona wanaita kufungisisa, anakaa na bibi anaongea. Mwaka 2016 utafiti ulionyesha kwamba waliokaa kwenye benchi walipata nafuu zaidi kuliko waliopata huduma ya kawaida. Benchi hilo lilifika mpaka Malawi.

Bibi hampi mtu mahubiri. Kwanza anamsaidia kufungua moyo, ataje shida zote. Halafu mtu mwenyewe anachagua moja tu. Wanatafuta pamoja hatua ndogo inayowezekana wiki hii. Anarudi, wanatazama imekuwaje.

Tulijaribu hivyo na yaya chini ya mwembe. Alitaja shida tisa. Tukamuuliza achague moja. Tulifikiri atasema kifo. Akasema, "Nani atanisindikiza Lilongwe tarehe ya dawa, badala ya mtoto?" Basi, hiyo tuliiweza. Akina mama wanne wa jumuia wakagawana tarehe, na mmoja anajua Chichewa. Karatasi ya rufaa na kibali cha kutoka kambini tukaanza kufuatilia wiki moja kabla, siyo asubuhi ya safari. Shida nane zilibaki, lakini yaya alianza kula.

Kuna wakati benchi halitoshi. Mtu akikosa usingizi na hamu ya kula kwa wiki mbili na zaidi, akiacha kuongea, akisema "bora nife" au "mtapumzika nikiondoka", usimwache peke yake. Ondoa dawa za wadudu na kamba karibu, na umpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumtii wazo hilo kichwani. Mara nyingi anashukuru kwamba kuna aliyeona.

NYUMBA YETU LEO

Mtauliza, yaya amepona? Hapana. Ugonjwa ulikuwa umekwenda mbali. Anapata matunzo Kamuzu Central, na nyumbani ana chupa ya mofini ambayo shemeji ndiye anayeipima kwa mkono wake, asubuhi, mchana na usiku.

Ila nyumba haiongei tena kwa kunong'ona. Yaya amenunua daftari la kurasa 80. Mwishoni mwa miaka ya 1990, akina mama wa NACWOLA huko Uganda, waliokuwa wanaishi na Ukimwi, walikuwa wanaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: ukoo wao, kijiji chao, mama alipenda nini. Yaya anafanya hivyo. Jioni anasema, binti anaandika. Jina la mto wa kwao. Jinsi bibi yake alivyopika samaki. Siku alipozaliwa yeye binti, na mvua ilivyokuwa inanyesha. Mtoto aliyebeba neno la hospitali peke yake sasa anabeba maneno ya mama yake, na safari hii amekabidhiwa kwa upendo, mbele ya wote.

Akina mama, kipimo cha mlango wa kizazi kwa kutumia siki hakiumi na kinachukua dakika chache. Kinaweza kuona mabadiliko kabla hayajawa saratani. Uliza kituoni. Wazazi, tangu Januari 2019 Malawi inatoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 9. Msiwafiche watoto siku ya chanjo. Yaya ameniagiza hilo liwe la mwisho, na nimetii.

Na wewe unayejua nyumba yenye mgonjwa kwenye mstari wenu, usimalize ukurasa huu na kuukunja. Beba dumu la maji, uende kupiga hodi.

Tukutane mwezi ujao, Mungu akipenda.